Kalamu Zilizopita Ugogo

Basi la Dodoma–Iringa likishaipita Mlowa Barabarani, likateremka Fufu na kuiacha Chipogoro nyuma, mibuyu huanza kukaribiana na joto huzidi. Halafu ghafla unaingia upepo wa maji. Umefika Mtera. Wachuuzi hulikimbilia basi kabla halijasimama, makarai kichwani: perege wa kukaanga walioiva mpaka pezi linavunjika kwa kidole, kambale waliokaushwa kwa moshi, kila mmoja amekunjwa mkia ukachomekwa mdomoni. Noti zinashuka dirishani, samaki wanapanda, utingo anagonga bodi, safari inaendelea.

Safari yangu ya mwisho nilikaa kiti cha nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akipita njia ile kwa mara ya kwanza. Aliinua simu, akapiga picha ya maji, akaandika kwamba Mtera ni ziwa zuri la asili, paradiso iliyojificha katikati ya nchi, akairusha. Hatukuwa tumefika Migori na tayari watu walikuwa wanamjibu. Katika dakika kumi kijana yule alikuwa amekwisha kuwa mwandishi wa safari na mchapishaji wake mwenyewe, bila mhariri, bila kiwanda cha chapa, bila senti ya posta. Ila Mtera si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kuuzuia mto Ruaha Mkuu, ili maji yasikatike kule chini kwenye mitambo ya Kidatu, na mashine za umeme za Mtera penyewe, megawati 80, zilianza kazi mwaka 1988. Wazee wa pande zile walilijua bonde hilo likiwa kavu, ng'ombe wakilishwa mahali ambapo leo pana mitumbwi.

Sikuona sababu ya kumsahihisha mtu nisiyemjua. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwafikiria waliopita nchi hii ya Ugogo na kingo zake wakiwa na kalamu. Ni wengi, na wachache sana kati yao walikuwa waandishi kwa kazi yao.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, ikaingia Ugogo, kisha Mgunda Mkali, hadi Tabora. Katika Ugogo watemi ndio waliokuwa na visima, na msafara uliotaka kunywa na kupita ulilipa hongo: doti za nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Leo neno hongo tunalitumia kwa rushwa tu. Zamani lilikuwa ushuru wa njia, ulijadiliwa kwa siku nzima, mara nyingine siku kadhaa, na kila aliyeandika habari za Ugogo alilazimika kulitaja. Hiyo ndiyo bahati yetu, maana ukitaka kumpima mwandishi wa safari wa enzi hizo, soma anavyoandika hongo. Yupo anayeona wizi na ushenzi. Yupo anayehesabu doti na kueleza nani alipewa nini.

Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857, na kitabu cha Burton kikatoka London mwaka 1860. Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipita mwaka 1871, na mwaka uliofuata kitabu chake kilikuwa mikononi mwa wasomaji. Hao walikuwa wajuzi wa kazi. Walijua kupanga hadithi, kumshika msomaji na kumkoleza. Walijua pia kudharau, na dharau yao iliuzwa pamoja na karatasi. Wote walitembea na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyefuatana na Burton na Speke, akatembea na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron. Hakuna Mzungu wa wakati wake aliyeona mambo mengi ya bara kama yeye. Bombay hakuacha kitabu.

Mmoja kati ya waliokuwa chini aliacha maandishi. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1873, wenzake Chuma na Susi waliamua kumrudisha pwani. Katika msafara ule alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Wainwright ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye mti, na ndiye aliyeandika shajara ya njia nzima hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hakuwa mwandishi wala hakujiona hivyo. Alikuwa mtu aliyejua kusoma na kuandika, akaona kwamba jambo wanalofanya halifai kupotea.

Angalia sasa kilichoupata mkono wake. Chuma na Susi walisimulia kwa mdomo, akaandika Horace Waller, na sauti yao ikaishia kuwa nyongeza katika kitabu cha bwana wao. Shajara ya Wainwright ilitafsiriwa Kijerumani na kuchapwa Ujerumani mwaka huohuo wa 1874. Hata mwaka 2007, Waingereza walipotaka kuichapisha kwa lugha yao, lugha aliyoiandikia mwenyewe, waliitafsiri kutoka Kijerumani. Mwaka 2019 ndipo kurasa zake zenyewe, kwa mwandiko wake, zilipowekwa kwenye intaneti. Miaka 145 ilipita kabla yeyote mwenye simu hajaweza kumsoma bila mtu kusimama katikati. Mimi nikisikia watu wakisema kujichapishia mtandaoni ni upuuzi mtupu, humkumbuka Wainwright.

Wageni wasio waandishi nao walipita. James Elton, konsuli wa Uingereza aliyekuwa Msumbiji, alitoka kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1877, akapita Usangu, yaani kwenye vyanzo vya maji yanayojaza Mtera hii ya leo, akaja akashikwa na homa na kufia Usekhe, Ugogo, Desemba mwaka huo. Shajara yake ilikamilishwa na mwenzake wa safari, Cotterill, ikatoka kitabu mwaka 1879. Annie Hore, mke wa mmisionari, alibebwa na wapagazi kutoka pwani hadi Ujiji akiwa na mtoto wake mdogo ndani ya kiti cha magurudumu, akaandika kitabu chembamba kilichochapwa mwaka 1886. Vitabu hivyo havina ufundi wa Stanley. Vina uchovu, vina mtoto anayelia, vina mtu anayeandika tarehe leo na kesho hayupo.

Nimekawia kwa wageni. Sasa nifike kwa hao hasa walioniketisha kuandika haya.

Katika miaka ya 1890 alikuwako Dar es Salaam Mjerumani mmoja, Carl Velten, mkalimani wa serikali ya kikoloni, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin. Velten aliwaomba Waswahili waandike safari zao wenyewe kwa lugha yao. Mwaka 1901 zikatoka Göttingen katika kitabu kimoja, *Safari za Wasuaheli*. Humo yumo Sleman bin Mwenye Chande, ambaye kichwa cha habari zake ni *Safari yangu ya bara Afrika*. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyetembea Udoe hadi Uzigua, akaja kufundisha Berlin na kufia hukohuko mwaka 1927. Yumo Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Mtu wa pwani yetu aliandika habari za Siberia kwa Kiswahili kabla ya watu wengi wa Ulaya kufikiria kwenda huko.

Kumbuka kwamba hawa hawakuwa na kitabu cha safari cha Kiswahili cha kuiga. Walikuwa na barua, walikuwa na tenzi, walikuwa na masimulizi ya barazani jioni baada ya isha. Kwa hiyo waliandika kama mtu anavyosimulia akirudi kutoka bara: tuliondoka siku fulani, tulilala mahali fulani, chakula kilikuwa ghali, wapagazi walitoroka, tulilipa kadha. Msomaji aliyezoea mandhari iliyopambwa ataona ukavu. Mimi naona heshima. Mwandishi anamchukulia msomaji kuwa mtu ambaye kesho huenda akapita njia ileile, na anamwambia anachohitaji kujua: maji yako wapi, nani mwenye nchi, amani ipo au haipo. Sleman alipita bara kama mfanyabiashara, na kalamu yake ni ya mtu anayejua hesabu za deni. Burton aliandika Ugogo kama mgeni anayetathmini binadamu. Sleman anaiandika kama mtu anayejadiliana nao. Ukivisoma viwili hivyo pamoja, utaona ni kipi kinakufikisha karibu na kisima, na kwamba si kile cha bingwa.

Kuna dosari pia, na sitaificha. Walioandika kwa Velten walijua nani atasoma. Kitabu kilichapwa Ujerumani, kwa ajili ya maofisa waliokuwa wakijifunza lugha ya nchi waliyoitawala, na mwandishi mwenye akili hupima maneno yake mbele ya mtu mwenye bunduki. Hata Tippu Tip, tajiri asiyemwogopa mtu, aliandika maisha na safari zake kwa kuhimizwa na Mjerumani mwingine, Heinrich Brode, aliyeyachapisha kati ya mwaka 1902 na 1903. Kalamu zilikuwa zetu. Kiwanda cha chapa kilikuwa chao, na mwenye kiwanda ndiye aliyeamua nini kitoke, lini, na kwa dibaji gani.

Ndiyo maana karne ya 20 ilipoingia, watu wetu walianza kutafuta namna ya kuchapa wenyewe. Shaaban Robert, ambaye katika miaka ya 1940 alihamishiwa kikazi hukuhuku bara ya kati, Mpwapwa, alikuwa karani wa serikali mchana na mwandishi usiku. Alihangaika na wachapishaji mpaka akaanzisha kampuni yake mwenyewe Tanga, ili vitabu vyake vipate kutoka. Tunamwita mshairi mkuu wa lugha yetu, na ni haki yake. Tusisahau kwamba alikuwa pia mtu aliyejichapishia.

Dodoma nayo ina watu wake. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, Mgogo akiwaandika Wagogo kwa Kiswahili, takriban karne moja baada ya Burton kupita. Alifariki mwaka 1969 akiwa ameacha miswada mingi. Maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, *Maisha ni Kugharimia*, yalikaa bila kuchapwa hadi mwaka 2013. Miaka 44 baada ya mazishi! Mswada ungeweza kuliwa na mchwa, na mchwa wa Dodoma tunawajua.

Na yupo ambaye wasomaji wengi hawajapata kumsikia: Mwalimu Ernest Musa Kongola. Alikuwa mwalimu, Mgogo, na alipostaafu hakukaa kivulini kungoja pensheni. Alianza kukusanya habari za koo, za uhamaji wa mababu, za nani alitoka wapi akapita wapi akakaa wapi. Alizipiga taipu kwa Kiswahili, zikafungwa juzuu baada ya juzuu, zikapita mikononi mwa ndugu na jamaa. Hapakuwa na mchapishaji, na duka la vitabu halikuhitajika, maana wasomaji walikuwa watu waliotajwa humo. Ukikosea jina la babu wa mtu, yeye mwenyewe atakuja mlangoni kwako. Mwanahistoria wa Marekani, Gregory Maddox, alipokuja kufanya utafiti Dodoma alikuta kazi hiyo imekwishafanywa, na kitabu walichoandika pamoja kuhusu uandishi wa historia Tanzania ya kati kilitoka mwaka 2006, jina la Kongola likiwa jaladani.

Nasema kwa kusisitiza: Kongola ni kipimo. Hakuwa na shahada ya historia, na hakuchapwa na kampuni. Ubora wa kazi yake ulitokana na mambo mawili. Aliwajua wasomaji wake kwa nyuso, na aliona aibu kuandika jambo asilolihakikisha.

Intaneti ilipofika ilitupa kiwanda cha chapa ambacho Wainwright na Sleman hawakukiota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alianza kujiandikia na kujichapishia mtandaoni kwa Kiswahili chini ya jina Jikomboe, wakati wengi waliamini kompyuta haisemi lugha yetu. Mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi akaanzisha ukurasa wake, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanaona picha za nyumbani kila asubuhi. Julai 2009 mkonga wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, kasi ikaongezeka. Kisha simu za viganjani zikamaliza kazi: kila abiria akawa na kamera, kalamu na posta mfukoni.

Lakini mwaka huohuo wa 2009, mwezi Oktoba, kampuni ya Yahoo ilizima GeoCities, mahali ambapo watu wa kawaida duniani kote walikuwa wamejichapishia kurasa zao tangu miaka ya 1990, safari zao zikiwamo. Baadhi ziliokolewa na watu wa kujitolea, nyingine zikapotea. Kitabu cha Velten cha 1901 bado kinasomeka. Jambo hili huninyima usingizi zaidi ya makosa ya tahajia ambayo wahariri wenzangu hulalamikia.

Kwetu mwaka 2018 ulileta mambo mawili kwa mkupuo. Machi zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikimtaka anayechapisha huko alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka. Ada zilikuja kupunguzwa, ila mwaka ule wengi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu waliweka kalamu chini. Aprili, Rais Magufuli alizindua barabara ya lami ya Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera, kilomita zipatazo 260. Njia iliyokuwa vumbi, na kipindi cha masika matope ya kulala porini, ikawa mwendo wa saa chache. Njia ya miguu ilizinduliwa mwezi mmoja tu baada ya njia ya maneno kuwekewa hongo, na hapa nalitumia neno hilo kwa maana yake ya kale: malipo ya kuruhusiwa kupita.

Basi tuongee ubora, maana ndipo kidonda kilipo. Nimesoma simulizi nyingi za wasafiri waliopita Mtera, za Kiswahili na za wageni wanaoshuka Afrika kwa baiskeli na pikipiki kutoka Cairo kwenda Cape Town. Wengi wananakiliana. Ukubwa wa bwawa unatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama chawa. Samaki ni “watamu sana”, watu ni “wakarimu sana”, machweo “hayaelezeki”. Kama hayaelezeki, umetuandikia nini? Hakuna tarehe. Hakuna bei. Mama mwenye karai hana kijiji, na mvuvi hana hata neno moja la kusema.

Na hasara yake ni kubwa kuliko wanavyodhani. Bwawa la Mtera likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, mitambo haipaswi kuendelea kuzungushwa. Mita nane na nusu hizo ndizo nchi ilizokuwa ikizitazama kwa hofu mwaka 2006, ukame ulipolikausha bwawa tukaingia katika mgawo wa umeme, saluni zikafungwa mchana na mashine za kusaga zikanyamaza. Msafiri aliyepita mwaka ule akapiga picha ya ufuo uliopasuka, akaandika tarehe na mahali aliposimama, alitunza ushahidi ambao hauko katika kitabu chochote cha utalii. Aliyepiga picha ileile akaandika “Afrika nzuri” bila tarehe ametupa rangi tu. Tofauti yao haina uhusiano na kipaji. Ni mstari mmoja, tarakimu nane.

Sleman angeuandika mstari huo. Wainwright aliuandika akiwa nyuma ya maiti. Kongola asingethubutu kuuacha.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukipita Mtera mwaka huu, chukua daftari au simu, vyote ni sawa. Andika siku na saa. Andika fungu la perege limeuzwa shilingi ngapi, na maji yamefika wapi kwenye ukingo. Muulize aliyekuuzia anatoka kijiji gani na samaki wamevuliwa lini, na akikuruhusu, andika alivyosema kwa maneno yake. Ulichokisoma kwa mwingine sema umekisoma kwa mwingine. Ukichapishe mtandaoni, ni haki yako na hakuna wa kukuangalia kwa jicho la dharau. Kisha toa nakala moja kwenye karatasi, itie jina lako na mwaka, uipeleke Maktaba ya Mkoa, Dodoma.